Mkungu wa Tumpe

Mimi ndiye dalali wa sadaka.
Ibada ikiisha husimama kizingitini
nikinadi alicholeta asiye na noti:
mayai ndani ya sufuria, kuku aliyefungwa miguu,
debe la magimbi, parachichi zilizokwisha kulainika.
Sauti ninayo. Watu wa Tukuyu tumezoea kushindana na mvua.

Jumapili ile ilinyesha tangu wimbo wa kwanza mpaka amina.
Mabati yalipiga kelele kuliko matarumbeta,
na kati ya vitu vilivyopangwa sakafuni nikakuta
mkungu wa mbalaga, mnene, umefutwa tope kwa kitambaa.
Nikauinua. "Elfu tatu! Nani ataniambia nne?"
Kimya.
"Elfu mbili, basi."
Mzee Mwakibete akakohoa kile kikohozi chake cha vikao,
akanisogelea sikioni: "Huo ni wa Tumpe."

Tumpe Mwaisaka, mjane, mpika komoni.
Baraza tulimtenga mwezi wa tatu:
asiguse kikombe cha Bwana mpaka avunje pipa lake.
Katibu nilikuwa mimi. Niliandika kwa wino wa buluu,
nikagonga mhuri, nikaupuliza ukauke.
Hatukuandika watoto watano: wawili wake,
watatu wa dada yake tuliyemzika migombani.
Hatukuandika pesa ya majani ya chai
inayochelewa hadi mtu asahau aliyachuma lini.

Hata hivyo alikuwa akija.
Alikaa benchi la mwisho, lenye mguu mmoja mfupi,
na kikombe kikipita alitazama mikono yake.

"Elfu tano," nikasema. "Nimenunua mwenyewe."
Dalali kujiuzia! Watu wakacheka.
Nilishukuru walivyocheka.

Jioni nikaubeba begani, nikamrudishia.
Sikusukumwa na wema. Ilikuwa aibu,
na aibu nayo ina miguu, hukufikisha mahali.
"Karibu, katibu," akasema, akanipa kigoda,
akaendelea kuchuja, povu hadi viwikoni,
mtoto mmoja akisoma kwa mwanga wa jiko.

Ukutani, juu ya pipa, kwa mkaa:
Mwakibete, vikombe kumi na saba.
Mwalimu wa kwaya, sita.
Mpuliza tarumbeta kubwa, tisa na nusu
(nusu ya nini, sikuuliza).
Na chini kabisa, karibu na sakafu, jina langu.
Vikombe vinne, vya usiku ule wa msiba wa kaka,
nilipoingia kwa mlango wa nyuma
kofia nimeishusha hadi puani.
Alikuwa amenikosea herufi moja tu.

Nilitafuta lawama usoni pake. Nikaona uchovu.
"Wengine hulipa wakikumbuka," akasema,
"na wewe ulikuwa na msiba."

Nikalipa. Akachukua kitambaa kilekile
kilichofuta mkungu, akakilowesha, akanifuta.
Sijui msamaha husikikaje mbinguni.
Pale ulikuwa na sauti ya kitambaa
kikikwaruza udongo.

Siku ya Meza ya Bwana sikukaa mbele na wazee.
Nilikwenda benchi la mwisho.
Likayumba, kisha likatulia:
kumbe siku zote lilikosa uzito upande ule.
Kikombe kikaja, nikakipisha.
Mchungaji akasimama nacho mkononi,
akanitazama, akamtazama Tumpe, akasahau mstari.
Mwalimu wa kwaya akainuka, akaja nyuma bila kuitwa.
Mwakibete hakuja. Alikohoa.
Tumpe akasogea kidogo, akatupa nafasi,
hakusema kitu, labda "ndaga,"
mvua ilikuwa kubwa mno.

Baraza ni Alhamisi. Ajenda nimeiandika mimi,
wino uleule wa buluu.
Kwanza, madeni yetu.
Pili, sare na ada, watoto watano.
Pipa nimeliweka mwisho,
kama tutafika.