Meno Hayamo Katika Bei

Mama aliuliza, "Mashine ya kusaga? Unga wa nini?"
Nikasema, ya kuchonga chuma.
Akanitazama kama anayesoma bili ya umeme,
akarudi jikoni.

Mwezi wa saba, sanaiya ya Mabela,
bati la ghala linalia kwa joto
na kila mkono wa chuma umevishwa gunia usikuunguze.
Varghese ana mashine mbili za kuniuzia.

Ya kwanza kubwa, kijani kilichobabuka,
tani moja na robo, imetoka karakana ya watu wa mafuta.
Imesimama kama bwana aliyekwisha kuoa mara tatu,
haina haya wala haraka.
Nikashika mkono wake, nikazungusha.
Robo duara imekwisha, meza haijasogea hata unywele.
"Huo ndio uongo wake," akasema Varghese
kwa Kiarabu chake chenye nazi ya Kerala.
"Hakuna mashine isiyosema uongo. Huu nimeshaupima.
Ukiujua, unautoa kwenye hesabu."

Ya pili mpya, nyekundu, imetoka sandukuni juzi,
grisi ya kiwandani bado inanata kama samli.
Ndogo. Ukiilisha chuma cha pua kwa pupa
inatetemeka mwili mzima, mgonjwa wa homa.
Lakini inapita mlangoni.
Lakini inakula umeme wa nyumbani,
si ule wa fezi tatu ambao kwetu Al-Khodh
hauji bila fomu, mhandisi, na fomu nyingine.

Nilitaka ile kubwa. Nasema kweli.
Nililala nayo kichwani siku kumi na moja,
nikaamka usiku na futi kamba kupima lango la gereji:
mita mbili na sentimita nne.
Mashine: mbili na kumi na moja.
Nikapima tena, kana kwamba ukuta utanihurumia.
Ndugu yangu Mundhir akasema, vunja.
Mundhir huvunja. Kujenga humwachia mwenziwe.

Nikarudi na riali elfu moja,
jioni za miaka miwili za kufundisha hesabu watoto wa watu,
nikaelekeza kidole kwenye nyekundu.
"Mia sita," akasema. "Lakini sikiliza, mwalimu,
hapo umenunua taya. Meno hayamo katika bei."
Akaanza kupanga juu ya gazeti:
jiliwa lenye midomo iliyonyooka,
visu vya meno mawili, vya meno manne,
vibao vya kuinulia, bolti za vichwa bapa,
saa ya kupimia, mshale wake mwembamba
kama sharubu ya paka, na mwoga vilevile.
Nikabakiwa na riali ishirini na tatu
za petroli na samaki.

Kazi ya kwanza haikuwa ya maonyesho.
Mbuzi ya mama, aliyokuja nayo kutoka Wete,
ulimi wake unacheza mwaka wa tatu sasa;
ameukaza kwa kitambaa, kwa msumari, kwa matusi.
Nikafunga kipande cha chuma kwenye jiliwa
niuundie kishikio. Pande sita tu.

Jamani, pande sita!
Ukiuweka sawa huu, ule umekimbia.
Chembe zikanirukia shingoni, za buluu, za moto.
Saa nne usiku, feni inapuliza joto lilelile,
nami nauliza mshale: na sasa? na sasa?
Upande wa sita ukapita kwa unywele na nusu.
Miaka yote hii nimewaambia watoto
kwamba karibu si jibu.

Asubuhi mama alikaa, akavunja nazi,
akakuna. Ulimi ukatulia.
Nikangoja ahsante, haikuja.
Akapitisha kidole chini ya kishikio,
kwenye kona niliyoisahau,
akakitazama kidole.
"Hapa pana ncha," akasema.

Nikaenda kuleta tupa.