Vipimo vya Ndeonansia

Daftari langu la vipimo bado lina jina lako,
ukurasa wenye doa la mafuta ya cherehani:
Ndeonansia Kiwelu. Kifua thelathini na nne.
Kiuno ishirini na sita. Mabega mapana, kata kwa uangalifu.

Mwaka ule usharika ulikuwa umekutenga
kwa kuimba Jumamosi na bendi ya Reli
na Jumapili kusimama sauti ya pili, kanzu ya kwaya
ikinuka sigara za watu.
Ukashuka hadi Majengo kwa miguu, vumbi magotini:
"Mwantumu, nishonee gauni jekundu,
wanaonisema wasipate taabu ya kunitafuta."
Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.

Sauti yako haikuwa tamu. Magazeti yalidanganya.
Ilikwaruza kama buni kavu ikimwagwa sakafuni,
na buni uliijua: mama yako aliichambua kiwandani
miaka kumi na tisa, mpaka mgongo ukapinda kushoto.
Lakini uliposhuka kwenye noti ya chini
wapishi wa hoteli waliacha nyama ikaungua.

Watu wa sinema walikuja na taa zao,
wakakupa sentensi moja: "Chai tayari, bwana."
Mara tano ukarudishwa.
Mara ya sita ukasema, "Chai tayari,"
ukatua birika, ukamtazama usoni.
Jua lilikuwa linazama, wakaiacha hivyo.
Ilipoonyeshwa mjini, viti vya nyuma vilipiga makofi
kwa neno ambalo halikusemwa.

Halafu redio. Ukawa mjane Aikaruwa,
anayefukuzwa kihambani na shemeji
matanga hayajaanuliwa.
Wakaanza kuja. Kibosho, Uru, Kirua,
karatasi zao ndani ya mifuko ya sukari.
"Mama Aikaruwa, wewe ulifanyaje?"
Nawe hukuwa mjane. Hukuwahi hata kuolewa.
Ungeweza kusema, mama, ule ni mchezo.
Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo lako,
nikaona vidole vya miguu vikijikunja kwenye ndala.
Ukasema, "Keti. Lete nisome."

Gauni la tatu lilikuwa la kijivu, mifuko miwili mikubwa,
la mahakamani.
Miaka kumi na moja. Ulishindwa zaidi ya ulivyoshinda;
naandika hivi kwa sababu mazishini walisema vingine.
Siku waliyomnyima Ndetaramo migomba yake
uliimba ngazini mpaka wakakufungia, usiku mbili,
ukatoka huna sauti, ukaniomba tangawizi kwa ishara.
Na redio ikamuua Aikaruwa kwa kichomi
katika kipindi kimoja, bila kukwambia.
Wanawake walikuja na rambirambi na mchele,
wakakukuta unakula mtori.
Mchele tuliupika. Walikula nao, wakilia na kucheka.

Kaka yako hakukupa hata mgomba.
Hukumshtaki.
Nilikuuliza mara moja tu, ukaniambia nikaze uzi.

Alikuja siku mbili baada ya kukuzika,
Elinisafi mwenyewe, kofia kwapani,
jani la isale mkononi, hajui ampe nani.
Mimi si Mchaga, sijui linapokelewaje.
Nilinyoosha mikono yote miwili, nikalipokea,
nikalilaza katika daftari, ukurasa wako.
Sikumwambia nimesamehe. Si langu.

Jana amekuja mama wa Uru, kandambili mbili tofauti,
mfuko wa sukari kifuani.
"Hapa ndipo kwa Aikaruwa?"
Sheria siijui. Kusoma najua.
Nikatoa pini mdomoni, moja moja,
nikamvutia kigoda.