Tatu za Shaba

Bi Mwanakheri alikuja karakanani na leso yenye mafundo mawili.
Ndani, vikuku vya bibi yake,
vimelika kwa miaka ya mikono na unga.
"Yeyusha, Famau, umfulie mjukuu wangu jozi ya harusi.
Lakini fedha tupu. Usinitilie shaba.
Kwetu hatuchanganyi."

Nikanyamaza. Mama yangu Mpokomo wa Garsen,
baba wa hapa hapa Langoni,
Lamu nzima inajua,
na mteja ni mteja.

Nikavukuta. Risasi, kijungu cha majivu ya mifupa,
mpaka kila kilicho kigeni kikanywewa na jivu,
likabaki tone moja jeupe
linanitazama kama jicho la paka.
Nikafua. Likatii upesi mno.
Fedha tupu haina ubishi: hujasema pinda, imeshapinda.

Maana chembe zake zote ni sawa, safu juu ya safu,
kama sahani za kaure zilizopangwa bila kitambaa kati.
Sukuma kidogo, safu yateleza juu ya mwenziwe
wala hakuna wa kuizuia.
Tia shaba: chembe yake ndogo, haijai pahala ilipopewa,
jirani zake wanajivuta, safu inakunjamana,
na mtelezo uliokuja mbio
unajikwaa hapo.
Haya niliyasoma kwenye kitabu kisicho na jalada.
Nyundo ilishaniambia zamani, kwa lugha yake.

Harusi ikapita. Siku ya arubaini, hodi.
Kikuku kimoja kimekuwa yai.
Cha pili kina alama za meno:
mtoto wa jirani, kakiuma tu.
"Umeniibia."
"Sikukuibia, Bi. Nilikutii."

Nikakitoa kile kijungu chini ya meza.
Jivu lilikuwa jeupe; sasa lina weusi, lina kijani ukingoni.
"Hii ndiyo shaba niliyoitoa katika vikuku vyako.
Vilifuliwa kwa riale, na riale zilizaliwa nayo."
"Vya bibi yangu?"
"Miaka themanini mkononi. Vilipinda?"

Hakujibu. Alikalia kigoda cha wateja,
akatazama jivu lile
kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mwingine.
Kisha akasema, "Fanya ujuavyo."

Nikapima: thelathini na saba za fedha, tatu za shaba,
waya nilioung'oa katika mota ya friji bovu la Shela.
Hilo la friji sikulisema.
Shaba peke yake kaidi motoni, fedha nayo ina maringo yake;
zikikutana, zinalainika mapema
kuliko kila moja ingekuwa pweke.
Sijui kwa nini jambo hili hunifurahisha kila mara,
nami nimeliona mara elfu.

Alhamisi akaja kuvichukua.
Akavigonganisha karibu na sikio. Vikalia,
mlio mwembamba, mrefu, unaokawia kuondoka.
Vile vya kwanza vilikuwa bubu.
"Bibi alikuwa akikanda unga alfajiri," akasema,
"sisi bado tumelala, tunausikia."

Akalipa bila kuomba nipunguze.
Akafunga leso, fundo moja tu safari hii.
Mlangoni akageuka, mkono juu ya komeo:
"Mamako, yule wa Garsen.
Yu mzima?"