Kamba ya Enid

Kila mwaka mpya, kabla ya chai,
shangazi Enid Blenkin aliifungua kamba ya kuanikia nguo,
akanipa ncha moja niikaze kwenye kitasa cha jikoni,
akaenda na ya pili kuelekea baharini,
koti la marehemu mumewe likimpwaya,
hadi pale shamba la shayiri linapokatika
kama maneno ya mtu aliyeitwa nje ghafla.

Hapo alipiga fundo.

Fundo la mwaka niliozaliwa bado lipo.
Ukilivuta leo hadi mahali pake
litaning'inia hewani,
na shakwe watapita chini yake.

Watu wa Yorkshire mashariki husema bahari ni mwizi.
Enid alikataa. Bahari, alisema,
ni kama wale wanaofika matangani saa ya pilau.
Wa kwanza ni mvua.
Huingia kwa adabu, kwa hodi tatu,
katika ufa usiopitisha hata kisu.
Usiku wa Januari maji huganda, hutanuka, hutia kabari;
asubuhi huyeyuka,
yakajifanya hayajui lolote.
Chumvi nayo huota ndani ya jiwe
kama jino la mtoto, kwa homa.
Ndipo wimbi lije, likute kazi imekwisha fanywa,
lile miguu ya genge,
na huku juu nyasi zimesimama
hazina habari.

Usiku banda la kuku lilipoondoka
hatukusikia kishindo.
Tulisikia pumzi,
kama ya ng'ombe anayejilaza.
Kulipokucha, jogoo alikuwa ukingoni
akiwika kuelekea mahali alipokuwa akilala.

Bwana wa halmashauri alikuja na ramani.
Mstari mwekundu ulipita juu ya kitanda cha Enid,
upande wa mto.
"Hapa hatujengi ukuta," alisema.
"Genge hili ndilo linalowalisha wa kusini.
Tukilizuia, ufuo wao utakonda."
Enid akamwuliza sukari vijiko vingapi.

Nilikwenda kusini kuwaona hao waliolishwa.
Mkondo huubeba mchanga sambamba na pwani,
wimbi likiupandisha kimshazari, likiurudisha wima,
upande, teremka, upande, teremka,
mwendo wa mlevi anayejua kwao,
hadi pwani inapopinda na mchanga kuchoka,
ukalala, ukawa ulimi mrefu ndani ya maji.
Mtoto mwenye ndoo ya manjano alikuwa akijenga ngome.
Nilitaka kumwambia: hiyo ni shayiri yetu,
hiyo ni njia ya kisimani.
Nikamsaidia kuchimba handaki.

Udongo wenyewe, ule mzito, haukukaa hata hapo.
Umekwenda umeyatia maji rangi ya chai ya maziwa,
huenda ukatua kwa Waholanzi,
ambao, nasikia, hawatupi kitu.

Zilipobaki hatua kumi na moja
Enid alihama bila kusukumwa.
Alichukua saa ya ukutani, kitasa, na kamba.
Sasa anakaa mjini, ghorofa ya tatu,
dirisha lake linatazama kituo cha mafuta.
Kamba ameifunga juu ya beseni la kuogea,
maana nguo hazijui historia.
Jana soksi zangu zilikuwa zimeanikwa
kati ya mwaka wa dhoruba
na mwaka aliokufa mumewe,
zikidondosha maji, tone, tone.