Wastani wa Mabatini

Nimeukata mji miraba, arobaini kwa arobaini,
kama mama apigavyo chaki kitambaa
kabla ya mkasi.
Nyumba yetu: safu ya kumi na mbili, mraba wa thelathini na moja.

Programu huuliza machache.
Bomba lina kimo gani. Moshi hutoka na joto gani.
Mafuta mazito yana salfa kiasi gani.
(Kwa bibi, salfa ni kiberiti,
jina moja na njiti za kuwashia jiko;
sishangai basi ikichoma.)

Upepo nimeuazima.
Kipimo chetu kimelala tangu Machi,
kongoti alitua juu yake, kikombe kikavunjika,
na barua ya kuomba kingine ingali mezani kwa mtu.
Mawe nayo, yale yaliyobebana mgongoni toka Igogo hadi Bugando,
mashine imeyalainisha yakawa tuta moja, la upole,
ambalo hata mbuzi asingelitambua.

Bado inajua jambo.
Usiku nchi kavu hupuliza, moshi ukaenda kulala ziwani.
Saa nne asubuhi ziwa huamka
na kurudisha mzigo mlangoni,
haujafunguliwa, haujapungua.

Mhandisi Lugembe anataka jedwali la mwaka.
“Wastani, Nyanzobe. Wastani tu.”
Na wastani wa mraba wetu uko chini ya kikomo,
umetulia, kama mtoto aliyeogeshwa kwa ajili ya wageni.
Wastani hauna kifua.
Haukai kibarazani kwenye cherehani
ukishona sare za shule, saa nne,
mkono mmoja kwenye gurudumu, mwingine mdomoni.
Mama sindano zake huzifunga kitambaa chenye mafuta,
na bati la juu, la mwaka juzi,
limeshatoboka matundu ya kupitisha jua.

Nikairudisha hesabu, saa kwa saa.
Siku elekezi, Agosti, mraba wa thelathini na moja,
namba zinapanda, njano, machungwa,
nyekundu inaanza kuj—

Umeme ukakatika.

Giza lilishuka kilima kizima kwa hatua moja.
Mbali nyuma ya maghala mtambo ukanyamaza,
nikasikia mbwa wa watu, nikasikia maji.
Dirisha lilikuwa wazi. Nilivuta pumzi
mpaka chini kabisa, pale ambapo huwa sifiki.
Nyota zilikuwepo, kumbe.
Na kazi ya siku mbili ilikuwa imekufa,
sikuwa nimeihifadhi.

Sijui nilikaa muda gani.
Kisha bomba likakohoa, taa zikarudi mtaa kwa mtaa,
na watoto wote wa Mabatini wakapiga kelele: “Umerudiii!”
nami nikapiga nao,
mtu mzima, mikono juu, nina shahada ukutani,
kabla sijasikia nilichokuwa nashangilia.

Nimewasha tena.
Urefu wa bomba, inauliza.
Joto la moshi.