Bahasha Kumi na Saba

Mshahara wa kumi na tatu umeingia leo,
peso elfu tisa na mia nne,
na kabla sijavuka mlango wa benki
tayari una wenyewe.

Mabati matatu: kimbunga cha Oktoba kiling'oa yale ya jikoni
kikayatupa kwenye miwa ya watu,
yamekunjamana kama karata.
Gunia la mchele. Umeme.
Dawa za presha za mama mkwe,
ambaye huzimeza nusu nusu akidhani sioni.
Viatu vya Analiza.
Na deni la duka la Manang Pasita:
daftari lake limejikunja kona,
jina langu lina ukurasa mzima.

Naandika nyuma ya kalenda,
Desemba imelala kifudifudi mezani.
Crisanto anabandika nyota ya mianzi
kwa karatasi za mwaka juzi.
"Na watoto wako?" ananiuliza.
Hasemi Analiza. Analiza ni mmoja.
Anasema wale wa ubatizo.

Kumi na saba.
Hapa Iloilo mtu akikuomba umsimamie mwanawe kisimani
hukatai. Nani amwambie mtoto mchanga
sitaki kukujua?
Nami hufua nguo za parokia, niko karibu mno na kisima;
mara tatu nimeitwa kutoka karoni, povu mpaka viwikoni,
kwa kuwa msimamizi amechelewa basi.

"Tufunge geti," asema Crisanto. "Redio tuizime.
Bonifasyo wa kule kona
kila Krismasi huugua ghafla, akalala kwa kaka yake."
Nacheka. Kisha, Mungu anisamehe, nalipima lile geti:
kitasa kinafunga vizuri.

Mwaka jana nilitoa mia mia.
Mwaka huu mia mara kumi na saba ni bati moja, dawa za nusu mwezi
na bado.
Nafuta. Naandika hamsini.
Naliangalia lile jibini la duara lenye ngozi nyekundu
ambalo kila mkesha hukaa katikati ya meza likijiona askofu.
Nalifuta pia. Hamsini inasimama.

Basi nikapanga foleni saa mbili nzima
kubadilisha noti kuukuu kwa mpya,
maana hamsini iliyonyooka, inayonukia wino,
humkaa mtoto mkononi kama themanini.

Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia usiku,
nikilamba gundi ya bahasha.

Wakaja baada ya misa.
Huku mkono haulambwi:
wanauchukua, wanauinamia,
wanaugusisha kwenye paji la uso,
mmoja mmoja, kwa jasho na poda ya shingoni,
na mkono wangu, uliochubuka kwa sabuni,
haukuulizwa una nini.
Ni baadaye ndipo walichungulia bahasha.
Jovelyn, wa miaka sita, aliinua yake juani
akasema kwa sauti ya hakimu:
"Mwaka jana ilikuwa ya zambarau."
Mama yake alimfinya. Mimi nilisema, "Kweli,
mwaka huu ni nyekundu,"
naye akaridhika na rangi.

Wa kumi na saba alichelewa hadi jioni.
Rodelyo, wa kwanza kabisa, miaka ishirini na mbili,
ndevu tatu, fulana ya kiwanda cha barafu.
Nilimpa bahasha nikiangalia pembeni.
Hakuifungua. Aliikunja akaitia mfuko wa shati,
akabaki amesimama, akikwaruza kitasa cha geti kwa kucha.

"Mama, sikujia hii."
Moyo ukanipasuka: nikadhani kafukuzwa kazi,
nikahesabu haraka kilichobaki kwenye kopo.

"Marivik amejifungua. Wa kike. Ubatizo ni Januari.
Nimekuja kukuomba."

Ndani, Crisanto alikohoa
kikohozi kirefu chenye maneno ndani yake.

Nikasema ndiyo.
Kisha nikarudi mezani, nikaipindua kalenda,
na chini ya jumla, mahali palipobaki cheupe,
nikaandika kumi na nane,
nikapigia mstari mara mbili
nikamuuliza jina lake nani.