Sehemu ya Nne

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Ijumaa baada ya swala, kwenye fremu yangu ya baiskeli,
vita imeanza tena.
Shekiondo ameshika spana,
lakini ni ya kuonyeshea tu: hivi ndivyo meli ilivyogeuka
ilipotoka kwenye pete za Zuhali,
hivi, taratibu, kimya, maana kule hakuna hewa.
"Sasa ule mngurumo tuliousikia ulitoka wapi?"
Ni Kihiyo huyo, mtu wa Kizazi cha Chuma tangu utotoni,
fulana yake ya roboti imefubaa
mpaka roboti amebaki jicho.

Mimi naziba pancha. Sisemi.
Nimeziona zote: saba za Safina ya Zuhali,
tano za Kizazi cha Chuma
(ya sita tulikubaliana haikutokea),
zote katika banda la Mzee Saburi, Makorora,
yeye na maikrofoni yake iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli,
akitutafsiria.
Jina halisi la nahodha hatukulijua.
Saburi alimwita Mshuza.
Sayari ya barafu aliiita Lushoto, tukaelewa.

Shekiondo hajui kushindwa kwa maneno ya kawaida,
akaweka spana chini, akakohoa:

Roboti lako la bati, Kihiyo, halina moyo,
Latembea kama kiti, kutu imejaa nyayo,
Halicheki, haliketi, laitika: ndiyo, ndiyo,
Safina ndiyo safari, vyenu ni vyuma chakavu.

Na Kihiyo, papo hapo, kalalia tandiko la baiskeli ya mtu:

Nahodha wako hodari, kapotelea angani,
Saba zote za safari, hajatua sayarini,
Langu hufa kwa fahari, likafufuka jaani,
Kwake kutu ndizo mvi, heshimu aliyeishi.

Muuza kashata akapiga makofi.
Mtoto wa shule akauliza, kwa nia njema kabisa,
ukiwa Zuhali kibla kiko upande gani,
na hapo zikapotea dakika ishirini.

Mwishowe Shekiondo akatoa silaha yake ya siku zote:
mwisho wa sehemu ya nne.
Mshuza ameachwa nje ya meli, hewa imemwishia,
wote wamekwisha kumlilia,
mara mlango unagongwa, ngo, ngo, ngo,
na sauti: "Hodi wenyewe."
"Nionyeshe chuma chochote," alisema, "kinachoweza kubisha hodi namna ile."

Mwanjaa alikuwa amesimama na gurudumu lake mkononi,
bado na sare ya uuguzi, ametoka zamu ya Bombo.
Akacheka mpaka akaliweka gurudumu chini.
"Mwisho ule baba hakuuona.
Umeme ulikatika. Hamkumbuki?
Mlikuwa sitini, mmelipa mia mbili mia mbili,
na hela yenu ilikuwa imekwisha kuwa unga wa sembe.
Akaona kurudisha haiwezekani.
Akaendelea gizani.
Mlango aliougonga ni ubao wa benchi.
Mimi ndiye nilikuwa nimelikalia."

Upepo ukatoka kwenye tairi nililokuwa nimesahau kulibana.

"Nilikuwepo," alisema Kihiyo, polepole.
"Nilidhani nimeiona sura yake.
Alikuwa na barafu kwenye ndevu."
"Kwenye nyusi," alisema Shekiondo.

Yule mtoto wa shule, simu mkononi, kidole tayari:
"Niwatafutie ya kweli? Ipo. Dakika moja tu."

Sijawahi kuona mahasimu wakipatana haraka vile.
Shekiondo aliishika simu, Kihiyo aliushika mkono,
Mwanjaa akasema, "Mwanangu, iache,"
kwa sauti ya baba yake, ile ya maikrofoni.

Tukakaa. Muuza kashata akagawa vipande, bila kuhesabu.
Saburi ana mwaka wa tatu kaburini.

Kisha Shekiondo: "Lakini aligonga mara tatu."
"Tatu," alisema Kihiyo. Mara ya kwanza kukubaliana.

Nikaweka pampu chini.
Miaka yote sikuwahi kuchangia.
"Mbili," nikasema. "Aligonga mbili.
Ya tatu ilikuwa goti langu."